Gia ya Tano Kwenye Gari la Baba Mkwe

Fundi hana kosa. Nalisema hili mapema kwa sababu baada ya sehemu iliyopita wasomaji kadhaa walinitumia ujumbe wakimlaani yule mama wa gereji, na mimi sitaki mtu mwingine abebeshwe mzigo wangu. Yule mama alinikataza. Alinikataza kwa Kiswahili fasaha, mchana kweupe, akiwa amelala chini ya gari.

Kama leo ndiyo siku yako ya kwanza kukaa nami, mambo yako hivi. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Baba mkwe wangu alikuwa mtahini wa udereva kwa miaka thelathini na mmoja, na mji mzima unamwita Mzee Rudia, kwa kuwa hilo ndilo neno aliloliandika kuliko yote maishani mwake. Mimi aliniandikia mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha kumwoa binti yake. Ndoa haikunisaidia kitu, isipokuwa safari hiyo alisema, "Rudia, mwanangu."

Miaka miwili iliyopita, baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho, alitukabidhi gari lake tumtunzie. Ni gari la chuma hasa, lina umri kumzidi mke wangu, na lina gia nne. Sharti lilikuwa moja: siku kitinda mimba wake atakapoolewa, Mzee atakaa kwenye usukani mwenyewe na kumwendesha bibi harusi, kama alivyowaendesha dada zake.

Mimi nikalipeleka gereji kutiwa gia ya tano.

Kwa nini? Kwa sababu likifika mwendo wa themanini injini ilikuwa ikilia kama mbuzi aliyeshikwa mguu. Na kwa sababu nimo kwenye kundi la simu la wapenzi wa magari ya kale, ambako bwana mmoja nisiyemjua, mwenye masharubu kwenye picha yake, aliandika: "Gia nne ni za kwendea sokoni." Maneno yale yalinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Fundi wangu anaitwa Mama Klachi. Gereji aliirithi kwa marehemu mumewe, na anaiendesha vizuri kumzidi. Siku ile niliongea na buti zake tu. Sehemu yake iliyobaki ilikuwa uvunguni mwa gari.

"Gia yako hii ni nzima," alisema kutoka huko chini. "Nikubadilishie oili na bushi mbili, itakuzika."

"Mimi nataka tano."

"Kwa mwaka unatoka nje ya mji mara ngapi?"

Nikafikiri. "Mara mbili. Tatu, pakitokea msiba."

"Basi unanunua kimya cha safari mbili na msiba mmoja."

"Lakini mafuta yatapungua."

"Yatapungua kweli. Ukiishi miaka mia na ishirini utaiona faida yake."

Akajiburuta akatoka, akafuta mikono kwa kitambaa, akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekwisha kusoma ugonjwa wake kwenye simu.

"Sikiliza, baba. Bei uliyoambiwa ni ya giaboksi peke yake. Giaboksi ni mlango tu. Ukishaingia ndani ndipo utajua nyumba ina vyumba vingapi. Hii mpya ni ndefu, kwa hiyo propela, lile bomba linalozungusha tairi za nyuma, lazima ikatwe. Ikikatwa lazima isawazishwe, la sivyo utatetemeka mpaka meno yakutoke, na nani atakutengenezea mengine? Klachi hazitaingiliana. Spidi mita itasema uongo. Na hapa kwenye sakafu lazima tutoboe. Tukishatoboa, hili si tena gari la huyo mzee wako. Ni gari lako lenye sura ya gari lake."

"Lingekuwa lako ungefanyaje?"

"Ningetia oili nikaenda zangu nyumbani."

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi macho nilikuwa nayo, na tochi nikapewa, nikamulika upande mwingine.

"Toboa," nikasema.

Mke wangu nilimwambia ni klachi. Fedha nilizichota kwenye akiba ya mapumziko yetu, ile safari tuliyoiahirisha mara mbili. Yaani nilikula nauli ya safari ili nipate gari linalofaa kwa safari. Msicheke. Wakati ule niliona ni hesabu nzuri.

Wiki tatu alizoniahidi zikawa saba. Siku ya kulichukua nilitoka na Mama Klachi hadi barabara kuu, nikaingiza ya tano. Injini ikanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Nakiri, nilifurahi. Niliona kama ninaelea. Furaha ile ilidumu dakika nne, kisha tukakuta matuta.

Likabaki jambo moja dogo.

Kwenye giaboksi ya zamani, rivasi, gia ya kurudi nyuma, ilikuwa kushoto kabisa, unasukuma mbele. Kwenye hii mpya, kushoto mbele ndiyo gia ya kwanza. Rivasi imehamia kulia kabisa, unavuta nyuma. Na kile kirungu cha gia cha zamani, kilichong'arishwa na kiganja cha Mzee mpaka kikateleza kama kokwa, kilikuwa kimechongwa ramani ya zamani juu yake. Mama Klachi alikuwa na kipya chenye ramani ya kweli, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Hicho cha zamani kitadanganya watu," alisema.

"Watu gani? Ninayeendesha ni mimi."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe nitamwambia."

Kazi yangu, ndugu zangu, ni kutengeneza bandia ambayo hata mama mzazi hawezi kuitofautisha na jino alilolizaa. Nikakifunga kirungu cha zamani kwenye gia mpya kwa mikono yangu mwenyewe. Kilikaa vizuri mno.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Nilipanga kumwambia Mzee Jumapili iliyotangulia. Nikamkuta na mafua. Jumatatu alikuwa amemkasirikia fundi wa kupaka rangi. Jumanne mwenye mafua nilikuwa mimi, au ndivyo nilivyosema.

Jumatano simu ililia nikiwa kazini, vidole vimejaa plasta ya kutengenezea meno.

"Baba anataka gari leo," mke wangu akasema. "Anataka kufanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Mtu ameendesha miaka hamsini."

"Anasema mtahini asiyejitahini mwenyewe ni mnafiki. Lilete saa tisa. Na mdogo wangu anakuja na gauni, tuone kama linaenea kiti cha nyuma."

Njia nzima nilikuwa nikikariri hotuba. Baba, nimefanya jambo bila kukuuliza. Baba, teknolojia imeendelea. Baba, wewe ni mtu wa kuelewa. Hiyo ya tatu niliifuta mwenyewe kabla ya kufika.

Nilimkuta uani, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukukata, viatu vinameta. Hakunisalimia. Alikuwa akitazama tairi zangu.

"Umekaa mbali na ukuta."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Rudia."

Na mimi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni na watoto wawili wa sekondari, nikarudi garini nikaliegesha upya, pua ikielekea kibaraza. Nilipotoka, hotuba yote ilikuwa imeyeyuka.

Mke wangu na mdogo wake wakatoka ndani. Gauni lilikuwa limefunikwa kwa shuka, na bibi harusi mtarajiwa akaingia kiti cha nyuma kwa awamu, kama fenicha. Mzee akakaa kwenye usukani. Akarekebisha kioo. Akaweka kiganja juu ya kirungu, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyekutana na rafiki stesheni.

Nikainama dirishani. "Baba, hiyo gia ime..."

"Imefanya nini?"

"Imebadilika kidogo."

"Nimeambiwa. Klachi mpya. Klachi ni klachi. Au unataka kunifundisha mimi gia?"

"Hapana, Baba."

"Basi nenda nyuma uniongoze."

Hapa ndipo pananinyima usingizi. Ningeweza kuchomoa ufunguo. Ningeweza kulala mbele ya gari. Nilisema maneno mawili matatu, nikaridhika kwamba nimesema, nikaenda zangu nyuma. Nilijiambia kwamba likianza kwenda mbele atalihisi, atakanyaga breki, atang'aka, nami nitakiri. Alikuwa mtahini, bwana! Kama kuna mtu angehisi, ni yeye.

"Njoo, Baba! Njoo!" nikapunga mikono.

Mzee alifanya kila kitu sawasawa na kanuni. Aligeuza shingo, akaweka mkono wa pili juu ya mgongo wa kiti, macho yake yote kwenye kioo cha nyuma. Akasukuma gia kushoto kabisa, mbele. Akaachia klachi.

Gari likaondoka, likaniacha. Nakiri pia kwamba kwa sekunde mbili nzima niliendelea kupunga mikono nikisema njoo, njoo, huku linazidi kwenda.

Lilipogonga ngazi ya kibaraza, alidhani tairi za nyuma zimekwama, akaongeza mafuta. Likapanda ngazi zote mbili, likang'oa nguzo, likazika pua ndani ya rundo la viti vya plastiki vya harusi. Kisha bati la kibaraza likashuka taratibu, likajilaza juu ya boneti kama mtu aliyeshiba.

Vumbi likatua.

"Baba," sauti ya bibi harusi ikatoka chini ya shuka, "ulisema unarudi nyuma!"

"Nimerudi nyuma," Mzee akajibu, kwa utulivu kabisa, akimtazama kupitia kioo.

Kisha akageuka mbele, akaviona viti.

Mke wangu akapiga ukelele. Tulimtoa mdogo wake. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeanza kuvimba, gauni limechanika pindoni, lakini alikuwa mzima. Mzee hakutoka. Alikuwa ameinamisha kichwa, kidole chake kinapapasa kirungu, kinafuata mchoro mstari kwa mstari, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Rivasi iko hapa," akasema polepole. "Inasema iko hapa. Sasa mkono wangu ulikwenda wapi?"

Mtu mwingine angelaumu gari. Yeye alikuwa ametumia miaka thelathini na mmoja kuwaambia watu waliokuwa wakilia mbele yake kwamba gari halina kosa, mwenye kosa ni dereva.

Alipotoka, alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

"Nimefeli, mwanangu," akasema.

Hakusema arudie.

Alhamisi nilishindwa kula. Nikatoroka kazini mchana, nikamkuta mke wangu sebuleni anashona pindo la gauni. Nikamwambia yote, kuanzia bwana wa masharubu hadi kirungu. Nilitegemea kilio. Nilitegemea mkasi. Yeye aliendelea kushona.

"Nilijua si klachi," akasema. "Klachi haichukui wiki saba."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Basi nakwenda kwa Baba sasa hivi."

Akakata uzi kwa meno. "Kaa chini."

"Unasemaje?"

"Kaa, nikuambie. Mwezi wa tatu aliazima gari la jirani kwenda duka la dawa. Alikwenda akiwa upande wa magari yanayokuja. Yule mtu wa baiskeli aliyeingia mtaroni alinyamaza kwa sababu mimi nilimwendea na kumpigia magoti. Wewe hukujua hilo. Daktari wa macho amemkataza kuendesha. Daktari wa moyo amemkataza. Wote wawili amewaambia hawajui sheria za barabarani."

"Lakini jana halikuwa kosa lake!"

"La jana si lake. La kesho lingekuwa lake, na mdogo wangu yuko kiti cha nyuma." Akalikunjua gauni, akalitazama mwangani. "Wewe kwa ujinga wako umefanya kitu ambacho madaktari wawili wameshindwa kukifanya kwa elimu yao. Usije ukakiharibu kwa ukweli."

Sijawahi kusifiwa vibaya namna ile.

"Kwa hiyo tukae kimya?"

"Kwani si kimya ndicho ulichokwenda kununua?"

Jumamosi bibi harusi alikwenda na gari jeupe la kukodi, lile lisilo na gia za mkono kabisa. Mkono wake ulifungwa bendeji ya rangi ya gauni. Ukiangalia haraka ungedhani ni mapambo. Mzee alikaa mbele kando ya dereva, mikono juu ya magoti. Kwenye mzunguko wa kwanza dereva yule hakuwasha taa ya kona. Nilikuwa kiti cha nyuma. Niliuona mgongo wa Mzee ukikakamaa, nikangoja. Hakusema neno. Kwenye mzunguko wa pili hata mgongo haukukakamaa.

Ukumbini mtu mmoja mnene, ambaye Mzee alimfelisha mara nne enzi zake, alimfuata. Akamshika mkono kwa huruma nyingi, ile huruma yenye ladha.

"Pole, Mzee. Nimesikia. Uzee huo."

"Ndiyo," Mzee akajibu. "Uzee."

Wageni wote walisema amekuwa mpole siku hizi. Nilikula sahani mbili za chakula bila kujua ninakula nini.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo, na kila mtu akapata anachokitaka. Lakini mtu ukimwambia kwamba akili yake imeanza kumtoka, hatangoja itoke. Ataanza kuisindikiza.

Jumatatu Mzee alimpigia mke wangu mara tatu kuuliza kama amezima jiko. Yeye yuko kwake, anauliza sisi tulio kwetu. Jumanne alikataa kwenda dukani peke yake, asije akapotea. Duka liko nyumba ya nne. Jumatano nilimkuta mlangoni amesimama na funguo mkononi.

"Nilikuwa natoka au naingia?" akaniuliza.

"Ulikuwa unanifungulia, Baba. Nimebisha hodi."

"Ahaa." Akacheka kidogo. "Umeona, eh?"

Sikuona kitu. Mtu aliyebishiwa hodi na kufungua mlango, kuna nini hapo cha kuona? Lakini yeye alikuwa ameanza kujitahini kila dakika, na mtahini mkali kama yule hakuna mtu aliyewahi kumpita.

Nikamrudia mke wangu. "Tumwambie. Tunamuua mzee wa watu."

Alikuwa na simu mkononi. Alikuwa ametoka kuongea naye. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ngoja kwanza arudishe leseni," akasema. "Amesema mwenyewe anataka kuirudisha. Akishairudisha, tutamwambia siku hiyo hiyo."

"Nani atamwambia?"

"Wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Giaboksi ni ya nani?"

Jumatatu iliyofuata, siku ya kumi na mbili tangu kibaraza, nilikwenda kumchukua. Ofisi aliyofanyia kazi iko mji wa pili, mwendo wa kilomita arobaini na kitu, na alikuwa ameshikilia kwamba leseni yake ataipeleka kwa mkono wake, na kwa gari lake. Gari lenyewe lilikuwa limepona kutuzidi sisi. Lilitaka taa moja tu na kunyooshwa bampa. Mke wangu alikuwepo tangu asubuhi, akamfunga tai, akamsindikiza mpaka mlango wa gari. Kisha akaja upande wangu, akainama kana kwamba ananinyooshea kola.

"Mwendeshe polepole," akanong'ona. "Na mdomo wako uwe wa polepole vilevile."

Tukaondoka. Mzee alikuwa na bahasha ya leseni kwenye mfuko wa koti. Hakutazama nje. Tulipotoka mjini alifumba macho, akaegemeza kichwa.

Nikashukuru Mungu. Nilikuwa nimesahau kwamba enzi zake ndivyo alivyokuwa akitahini. Watu walidhani amelala, wakajiachia, kumbe anasikiliza.

Nilijiapiza kutovuka gia ya nne. Kilomita ishirini nikaenda hivyo, injini inalia kama zamani, Mzee ametulia kama mtu anayebembelezwa na wimbo anaoujua. Kisha tukafika kwenye ule mteremko mrefu ulionyooka. Nyuma yangu lori likaanza kunipigia honi. Nikaongeza mwendo. Themanini. Tisini. Nilikuwa nikitazama kioo, nikitazama lori, na mkono wa mtu wakati mwingine una akili yake binafsi. Ukaenda.

Injini ikanyamaza.

Hata upepo uliokuwa ukipita kwenye mpira wa dirisha ulisikika. Mzee hakufumbua macho.

"Hiyo ni gia ya ngapi?"

"Ipi, Baba?"

"Nimesikia moja, mbili, tatu, nne. Kisha nimesikia nyingine."

Nikajaribu kucheka. "Barabara hii nzuri, Baba, siku hizi wame..."

"Sikukuuliza barabara."

Lori likatupita, gari likayumba kidogo.

"Ya tano," nikasema.

"Gari langu lina nne."

"Lilikuwa nazo, Baba."

Sasa akafumbua macho. Hakunitazama mimi. Alitazama mkono wangu, na kilicho chini ya mkono wangu.

"Kushoto kabisa, mbele, kuna nini?"

"Ya kwanza."

"Na rivasi?"

"Kulia kabisa. Nyuma."

"Tangu lini?"

"Kabla ya harusi."

Akavuta pumzi. Niliisikia ikiingia, sikuisikia ikitoka.

"Simama pembeni."

Nikasimama. Alishuka, akatembea hatua chache kwenye majani ya kando ya barabara, akanipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilikaa pale nimeshika usukani wa gari lililozimwa, nisijue kama analia au anacheka, na nisijue lipi kati ya hayo mawili lingekuwa baya zaidi kwangu.

Alirudi, akakaa, akafunga mlango taratibu kama anavyoufunga siku zote. Akatia mkono kwenye koti. Hakutoa bahasha. Alitoa kifurushi cha vikaratasi vilivyokunjwa, akaniwekea mapajani.

"Fungua."

Nikafungua cha kwanza. Kulikuwa na jina lake kamili, na la marehemu mkewe, na tarehe, kwa ule mwandiko wake wa fomu za mtihani, herufi zimesimama wima kama askari. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile. Vilikuwa kumi na viwili.

"Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso," Mzee akasema. "Nione kama bado nayakumbuka."

Nilitaka kusema nisamehe. Lilitoka kama kikohozi.

Akavichukua vikaratasi vyake kimoja kimoja, akavipanga, akavirudisha mfukoni.

"Ofisi inafungwa saa sita," akasema. "Leseni yangu nitaipeleka au sitaipeleka, hilo nitaamua mimi. Wewe nitakufanya nini, hilo nalo nitaamua mimi, na leo sina haraka. Lakini kuna swali moja, na hili nataka unijibu hapa hapa, kabla hujawasha gari."

"Ndiyo, Baba."

Akageuka kwenye kiti mzima mzima, akanitazama usoni kwa macho yale aliyopasuliwa.

"Nani mwingine anajua?"

Katika mitihani yote aliyowahi kunipa, huu ndio pekee ambao jibu lake nilikuwa nalijua. Nikafungua mdomo.